Kukadiria kalori ukila resto Lubumbashi

Wengi tunaofanya kazi katikati ya mji wa Lubumbashi hatuli nyumbani mchana. Anayekaa Katuba, Ruashi au Kampemba hawezi kupanda basi, arudi nyumbani ale, kisha awahi ofisini kabla mkubwa hajaanza kumuulizia. Tunakula resto. Mara nyingi ni kwa mama mwenye masufuria manne na benchi mbili nyuma ya duka; siku mshahara ukiingia ni kwenye chumba chenye feni na kitambaa mezani; jioni ni penye michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kote huko sijawahi kuona ubao unaosema sahani hii ina kalori ngapi. Marekani, tangu Mei 2018, resto zenye matawi 20 au zaidi zinalazimishwa na sheria kuandika kalori kando ya bei, na Uingereza ilianza Aprili 2022 kwa kampuni zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Kwetu hesabu hiyo unaifanya mwenyewe, kwa jicho, sahani ikiwa mbele yako na njaa inakusukuma.

Naifanya kwa miaka kadhaa sasa na nasema kwa uhakika kwamba inawezekana. Namba unayoipata haiwezi kuwa kamili, lakini inakuja karibu kiasi cha kukusaidia kuamua ule nini jioni.

Nilianza kwa sababu ya ugonjwa ulio katika ukoo wetu. Mama yangu anaishi na kisukari, na dada yake kilimchukua mguu kabla ya kumchukua yeye mwenyewe. Siku munganga aliponipima akaniambia sukari yangu ya asubuhi imepanda, kwamba bado si kisukari lakini iko njiani, na nipunguze uzito, sikuhitaji kushawishiwa. Alinipa karatasi ya vyakula yenye kalori zake. Ilikuwa na mkate wa baguette, samaki salmoni, mtindi usio na mafuta, mafuta ya zeituni. Bukari, yaani ugali, haikuwamo. Sombe, majani ya mihogo, haikuwamo, wala ndakala, wale samaki wadogo wakavu, wala matembele. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, nikaenda kazini nikiwaza nitaanzia wapi.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Katika kazi yetu, risiti ikikosekana hukai ukalia. Unaijenga hesabu kutoka upande mwingine. Unauliza kilinunuliwa nini, kilibaki nini, kilichotoka kiligawanywa kwa wangapi. Niliona kwamba sahani ya chakula inaweza kuhesabiwa vilevile, na hadi leo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Nilianza na bukari, kwa kuwa ndiyo tunayokula kila siku na ndiyo inayosingiziwa mambo mengi. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni inayotumia betri. Siku moja ya mapumziko nilipima unga wa mahindi nusu kilo, nikasonga kama kawaida yangu, kisha nikapima sufuria na bukari pamoja na kutoa uzito wa sufuria. Ilikaribia kilo moja na nusu. Gramu 100 za unga mkavu zina kalori kama 360, kwa hiyo nusu kilo ina 1,800, na maji hayaongezi hata moja. Gawanya 1,800 kwa uzito wa bukari uliyopata: gramu 100 za bukari iliyoiva zina kalori 120 hivi. Ukiisonga laini, yenye maji mengi, inashuka karibu na 100. Ile ngumu inayopendwa na wanaobeba mizigo inaweza kufika 140. Wale wanaochanganya unga wa mihogo wasihangaike, maana unga mkavu wa mihogo na wa mahindi unakaribiana sana kwa kalori; kinachobadilisha namba ni maji.

Baadaye nilimwomba mama wa resto anifungie sahani nzima niende nayo. Nilipofika nyumbani nikaweka bukari yake juu ya mizani: gramu 600 na kitu. Hiyo ni zaidi ya kalori 700 kabla mboga haijaingia. Nikamega tonge moja kama ninavyomega siku zote, nikalipima, nikamega jingine. Matonge yangu huzunguka kwenye gramu 40, yaani kalori kama 50 kila moja. Hiki ndicho kipimo kilichonisaidia kuliko vyote, kwa sababu mkono wangu huja nami kila resto na hakuna anayeuona ukihesabu. Matonge kumi ni 500. Mwenye mkono mkubwa atapata namba nyingine, kwa hiyo apime lake.

Wali niupitie haraka: gramu 100 za wali mweupe ulioiva ni kalori 130, na wali wa ukubwa wa ngumi ya mwanamke ni kama 200. Maharagi yaliyopikwa bila mafuta yako karibu na wali kwa kalori, lakini yana protini na yanakaa tumboni.

Sasa nije kwenye mafuta, maana hapo ndipo hesabu ya resto inapofanikiwa au inapoharibika. Mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyetuachia namba tunazotumia mpaka leo: gramu moja ya wanga ni kalori 4, ya protini ni 4, ya mafuta ni 9. Pombe ni 7. Mtu akishika namba hizo nne kichwani, tayari ana nusu ya kazi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe mawese, ya karanga au ya alizeti, ni kalori 120. Mawese mekundu yana vitamini A kwa wingi na nayapenda, lakini kwa kalori hayana tofauti na mengine. Lita nzima ya mafuta inakaribia 8,000.

Shida ni kwamba kwenye sahani huyaoni. Unaona majani, unaona rangi nzuri, unasema leo nimekula mboga. Kwa hiyo nilimuuliza anayeyajua. Ilikuwa saa nne asubuhi, wateja hawajaja, mama amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria kubwa ya sombe, anakoroga kwa mwiko mrefu. Nikamwambia nafanya hesabu ya afya yangu, kama angenisaidia.

"Mama, sufuria hii unatia mafuta ngapi?"

"Litre moya na nusu. Na karanga ya kutwanga, kilo moya."

"Na inatoka sahani ngapi?"

"Makumi ine. Siku ya batu mingi nafikisha na tano, lakini hapo naweka kiloko kiloko."

Hakusita hata kidogo. Yeye ndiye anayenunua mafuta hayo kila wiki, na kama angekuwa hajui lita moja inamtolea sahani ngapi, angekuwa amefunga zamani. Nilifanya hesabu palepale nyuma ya daftari. Lita moja na nusu ni kalori 12,000. Gawanya kwa sahani 40, kila sahani inabeba 300 za mafuta peke yake. Kilo ya karanga ina kama 5,700, kila sahani inapata zaidi ya 140. Ongeza majani yenyewe, ambayo ni kidogo. Upawa mmoja wa sombe yake unakaribia kalori 500. Na mimi, kama watu wote wa ofisi yetu, nilikuwa nikiiona bukari kuwa ndiyo mzigo, na sombe kuwa ndiyo dawa.

Sombe yake ni tamu na nitaendelea kuila. Namba hii inanisaidia kwa jambo jingine: siku ya sombe najua kwamba nusu ya bukari inanitosha, na siku ya lengalenga, yaani mchicha, iliyochemshwa kwa nyanya na mafuta machache naweza kula bukari zaidi bila wasiwasi.

Nikiwa pale jikoni niliona kitu kingine ambacho mezani nisingekijua. Sombe ikitulia, mafuta yanapanda na kusimama juu, duara jekundu limezunguka ukingo wa sufuria. Anayepakuliwa wa kwanza saa sita, kabla mwiko haujapita, anapewa ya juu. Anayekuja saa nane anapata majani yaliyobaki na mafuta kidogo. Sahani hizo mbili zina bei moja na sura moja, lakini zinaweza kupishana kwa vijiko viwili vya mafuta. Tangu siku ile naomba kwa heshima: "Mama, uchote ya chini." Na sahani ikifika naiinamisha kidogo na kusubiri. Mafuta yakikusanyika pembeni kiasi cha kujaza kijiko, najua kijiko kimoja ni 120, na naweza kuyaacha pale pembeni nisiyachovye. Hapo ndipo tonge linapohitaji nidhamu, maana bukari hufyonza kila linachokigusa.

Kwa vyakula vya kukaangwa hesabu hubadilika kabisa. Viazi vilivyochemshwa ni kalori 87 kwa gramu 100. Vikikatwa vipande vyembamba na kuzamishwa kwenye mafuta vinapita 300, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia mahali pake. Ndizi za kupika zilizochemshwa ni kama 116. Zikikaangwa zinazidi mara mbili yake. Samaki ni afadhali. Nilikaanga thomson nyumbani na kupima mafuta kabla na baada, kwa kumimina kila kitu kwenye chupa yenye alama. Vipande nilivyokaanga vitupu vilichukua mafuta kidogo, na vile nilivyopaka unga vilichukua mengi zaidi. Kwa hiyo resto nikiuliza "samaki mmempaka unga?" siulizi kwa ajili ya kuzungumza. Na kama kuna thomson wa mchuzi wa nyanya, nauliza kama alikaangwa kwanza kabla ya kuingia kwenye mchuzi, kwa sababu mara nyingi alikaangwa.

Michopo nayo inastahili kusemwa vizuri kuliko inavyosemwa. Watu wakianza kujali uzito wanaiacha kwanza, wakidhani nyama choma ndiyo adui. Nyama ya mbuzi isiyo na mafuta, ikichomwa, ina kalori 143 hivi kwa gramu 100. Kuku wa kuoka mwenye ngozi anazidi 230. Mbuzi wetu anachomwa, mafuta yake yanadondokea motoni, na kinachokuja kwenye karatasi ni nyama, chumvi, vitunguu vibichi na pilipili. Niliwahi kubeba michopo ya nusu kilo, nikala, nikapima mifupa: karibu robo ya uzito ilikuwa mifupa. Kwa hiyo nusu kilo ina nyama ya gramu 350 na kidogo, kalori kati ya 500 na 650 kutegemea kama umepewa paja au mbavu. Hiyo ni ya kugawana watu wawili, na wakigawana kila mmoja anapata chakula cha jioni cha heshima kabisa. Paja ni bora kuliko mbavu. Mwambie anayekata akiwa bado ameshika panga, kabla hajaanza.

Kinachoharibu jioni ya michopo ni vinavyoiandamana. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 73 yenye pombe asilimia 5, ina gramu 29 hivi za pombe, yaani kalori 200, na pamoja na nafaka yake inafika karibu 300. Chupa mbili ni bukari ya nusu kilo. Hapo hapo wanaleta ndizi za kukaanga, na mayonezi kwenye kisosi, kijiko kikubwa kimoja karibu 100. Nimekaa na wenzangu wa kazi nikaona mtu akikataa nyama kwa sababu anapunguza uzito, huku akiagiza chupa ya tatu. Nilimwambia, kwa kuwa ni rafiki yangu, na akanielewa.

Asiyekunywa bia naye asijione amepona. Chupa ya nusu lita ya sukre, yaani soda, ina zaidi ya gramu 50 za sukari, kalori zinazopita 200, na hazishibishi. Kwa mtu kama mimi, ambaye shida yangu ni sukari ya damu, hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa, kabla hata ya kugusa bukari. Munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, ni maji, unga wa mahindi na mizizi ya mmea wa munkoyo. Wenyewe si mzito, lakini wauzaji wengine wanauongeza sukari kwa mkono mpana. Onja kwanza. Ukiwa mtamu kama sukre, uhesabu kama sukre.

Resto zile za kukaa, zenye menyu na mhudumu, zilinisumbua zaidi mwanzoni, kwa kuwa pale huwezi kuingia jikoni kumuuliza mpishi sufuria inatoka sahani ngapi. Kilichonisaidia ni utafiti uliotolewa mwaka 2018 kwenye jarida la BMJ la Uingereza. Watafiti walinunua vyakula kwenye resto za Brazili, China, Ufini, Ghana na India, wakavipima maabara na kuvilinganisha na vya Marekani. Asilimia 94 ya sahani za resto za kukaa zilikuwa na kalori 600 au zaidi. Kwa resto za chakula cha haraka ilikuwa asilimia 72. Ghana imo, jirani zetu wa bara wanaokula fufu na mchuzi, kwa hiyo hakuna wa kusema hayo ni mambo ya Wazungu na mikate yao. Nimefanya 600 kuwa sakafu yangu. Nikikaa kwenye resto ya kitambaa mezani na hesabu yangu ya sahani kamili ikatoka chini ya 600, narudi nyuma kutafuta nilichosahau, na karibu kila mara ni mafuta: siagi kwenye wali, krimu kwenye mchuzi wa kuku, mayonezi kwenye saladi. Saladi hasa. Kabichi na karoti havina kitu, lakini vijiko vitatu vya mayonezi ni 300.

Utafiti mwingine wa jarida hilohilo, wa mwaka 2013, ulifanyika Marekani milangoni mwa resto za chakula cha haraka: watu waliulizwa wanadhani wamekula kalori ngapi, kisha risiti zao zikaangaliwa. Watu wazima walikadiria pungufu kwa wastani wa kalori 175, na angalau robo ya waliohojiwa walipunguza kwa 500 au zaidi. Wengi wanaokadiria hukosea kuelekea chini. Ndiyo maana mimi, baada ya kujumlisha, naongeza sehemu moja ya tano. Nikipata 700, naandika 850. Mwenzangu mmoja wa ofisi aliniambia huko ni kujidhulumu. Nikamwuliza, kwenye vitabu vyetu, gharama usizo na risiti unazikadiria kwa juu au kwa chini? Alicheka, lakini sasa naye anaongeza.

Chakula cha madukani kina namba tayari, ila ukiangalia vizuri. Vitu vingi kwenye maduka yetu makubwa vinapita mpaka wa Kasumbalesa vikitoka Afrika Kusini, na vya Afrika Kusini vinaandika nishati kwa kilojuli, alama yake kJ. Unaona 850 kwenye pakiti ya biskuti ukashtuka. Gawanya kwa 4.2, unapata 200 na kitu. Halafu uangalie kama namba hiyo ni ya pakiti nzima, ya gramu 100, au ya biskuti tatu.

Kuna jambo ambalo kwa mji wetu ni zito kuliko namba zote hizi. Lubumbashi ni mji wa poso, yaani mgao wa chakula. Wazee wetu waliokuwa migodini, tangu wakati wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, walipokea unga uliopimwa kulingana na ukubwa wa familia, na sahani iliyojaa ilikuwa ushahidi kwamba baba ana kazi. Kisha ikaja miaka ya 1990, na nyumba nyingi, yetu ikiwamo, zikala mara moja kwa siku. Nakumbuka mama akigawa bukari kwa uzi, vipande sawasawa, sisi watoto tukimwangalia mikono. Mtu aliyepita hapo, ukimwambia unapunguza chakula kwa hiari yako, anaona unatukana kitu. Na mama wa resto anayekujazia sahani anakupenda kwa njia anayoijua. Anakumbuka ukubwa wa bukari ya mwaka 1995 kama ninavyoikumbuka mimi.

Kwa hiyo namna ya kuomba ina uzito kama kile unachoomba. Mara ya kwanza nilipomwambia aniwekee nusu, aliacha upawa hewani.

"Unakatala chakula yangu?"

"Hapana mama. Munganga njo alisema. Mama yangu iko na diabeti, nami niko naiogopa."

Alinyamaza kidogo, akaniambia mume wake naye alikuwa nayo. Tukaongea mpaka mteja wa nyuma yangu akakohoa. Sijawahi tena kueleza sababu kwake. Ananiona nikija, anakata bukari katikati, anachota ya chini. Ningelikuwa nimekuja na maneno ya kalori na gramu angeniona ninajidai. Nilipotaja ugonjwa na mama yangu, tukawa watu wawili wenye shida moja.

Kuacha chakula kwenye sahani sikupendi, na simshauri mtu afanye hivyo. Mwanamke wa Katanga aliyelelewa na mama aliyegawa bukari kwa uzi hawezi kutupa. Omba kidogo tangu mwanzo, au omba kifuko umpelekee mlinzi wa jengo kabla hujagusa.

Kwenye sherehe na matanga sihesabu. Unapokaa na watu waliofiwa, unakula kilichopikwa na unakaa nao, na siku ya pili unaendelea. Nimejaribu kuhesabu kwenye harusi ya mpwa wangu na nikajikuta naangalia sahani badala ya kumwangalia bibi harusi. Kwa wiki nzima, chakula kimoja hakiwezi kuangusha hesabu. Inaangushwa na kile cha kila siku kwenye benchi la nyuma ya duka.

Kujua kama makadirio yako ni ya kweli, tumia mizani ya mwili, siyo kila asubuhi, bali mara moja kwa wiki, saa ileile, kabla ya chai. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kalori kama 7,700. Mwanamke wa kawaida anahitaji kama 2,000 kwa siku, mwanamume 2,500. Ukiandika kwamba unakula 1,700 na baada ya mwezi mizani haijasogea, mwili wako umekuambia kwamba kuna 300 unazozikosa kila siku, na kwa uzoefu wangu ziko kwenye mafuta ya mboga au kwenye chupa. Ongeza hapo, siyo kila mahali. Mimi ilichukua miezi kadhaa hadi daftari na mizani viliposema kitu kimoja, na hiyo ndiyo miezi niliyojifunza zaidi.

Mambo haya si ya kila mtu. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze bila munganga. Mtu anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, akipunguza bukari ghafla bila dawa kurekebishwa anaweza kuanguka. Niliona jirani yangu akitetemeka jasho likimtoka, tukampa maji ya sukari. Na watoto sitaki kuwasikia wakitaja kalori. Binti yangu anakula akishiba anaacha, na nataka abaki hivyo.

Sukari yangu ya asubuhi imeshuka na imekaa chini. Mama wa resto sasa ana bei mbili, bukari nzima na nusu bukari, na nusu inamletea faida zaidi kwa unga kuliko nzima, amenipigia hesabu mwenyewe. Wanaoagiza nusu wengi ni wanaume wa benki iliyo mtaa wa pili, ambao hawakuniuliza lolote. Wiki iliyopita aliniita jikoni kunionyesha lengalenga aliyoipika kwa mafuta nusu lita badala ya lita nzima, vitunguu vingi, nyanya nyingi na ndakala wa kutwanga ndani yake kwa ajili ya ladha. Nikaonja kwa ncha ya kijiko. Ilihitaji chumvi kidogo na ndimu, nikamwambia hivyo, akaongeza.